Kalenda ya Likizo Ughaibuni Iko Mikononi mwa Nani?

Mtu aliyepata kazi nje ya nchi huusoma mkataba kwa kuanzia penye mshahara. Akishaugeuza kwa fedha ya kwao na kuona unalipa, yaliyobaki huyapitia juu juu: saa za kazi, muda wa majaribio, notisi, likizo. Penye likizo hutafuta tarakimu moja tu. Siku 20, siku 28, siku 30. Anailinganisha na ile aliyoizoea, anaridhika au ananuna kidogo, kisha anatia sahihi.

Hoja yangu ni kwamba tarakimu hiyo inamwambia machache mno. Yenye uzito ni maswali mawili ambayo mkataba mara nyingi hauyajibu waziwazi: nani anaamua siku hizo zichukuliwe lini, na mfanyakazi atapoteza nini akizidai bosi akachukia. Mwenyeji akigombana na bosi anaweza kupoteza kazi. Mhamiaji kwa ugomvi uleule anaweza kupoteza kazi, kibali cha kuishi, bima ya afya na shule ya watoto kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo watu wawili walioajiriwa siku moja, wanaokaa meza jirani, kila mmoja akiwa na siku 25 kwenye karatasi, hawana likizo sawa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wahamiaji milioni 167.7 walikuwa katika nguvu kazi ya dunia, wakiwa kazini au wakitafuta kazi. Hao ni wengi mno kuambiwa tu kwamba watazoea.

Kabla ya kufika huko, tuweke hesabu sawa, maana wengi hupotea mapema sana.

Siku ya likizo si kipimo kimoja duniani kote. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa siku 28 mfululizo, na ndani yake zimo Jumamosi, Jumapili na sikukuu yoyote itakayoangukia humo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21, lakini za kazi. Msomaji wa haraka ataona wiki nzima ya tofauti, wa kwanza akimzidi wa pili. Kumbe kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, siku 28 mfululizo ni wiki nne kamili, na siku 21 za kazi ni wiki nne na siku moja juu yake. Uingereza inatoa wiki 5.6, yaani siku 28 kwa mwenye wiki ya siku tano, ila mwajiri anaruhusiwa kuzihesabia humo sikukuu za umma, ambazo England na Wales kwa kawaida ni 8. Zinazobaki za kujipangia ni 20. Sheria ya Ujerumani imeandika siku 24, lakini iliandikwa kwa kufikiria wiki ya siku sita. Mwenye wiki ya siku tano anapata 20, na chochote kinachozidi hapo kinatokana na mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi. Ufaransa imeandika 30, ikihesabu na Jumamosi, kwa hiyo ni wiki tano.

Dawa ni rahisi: geuza kila kitu kiwe wiki, kisha uliza kama sikukuu zimo au hazimo. Ukifanya hivyo utaona kwamba nchi nyingi zilizoonekana kupishana sana zimekaribiana. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 kuhusu muda wa kazi yanaweka kiwango cha chini cha wiki nne zenye malipo kwa nchi zote wanachama. Kinachopishanisha watu kwa kweli ni mambo mengine.

La kwanza ni muda wa utumishi, na hapa mhamiaji anaumia kimyakimya. Nchi nyingi huongeza likizo kadiri mtu anavyodumu kazini. Japani humpa mfanyakazi siku 10 baada ya miezi sita, akiwa amehudhuria angalau asilimia 80 ya siku za kazi, kisha idadi hupanda taratibu hadi 20 anapofikisha miaka sita na nusu. Saudi Arabia hutoa siku 21, zikawa 30 baada ya miaka mitano mfululizo kwa mwajiri mmoja. Katika sekta zilizo chini ya serikali kuu ya Kanada ni wiki mbili, kisha tatu baada ya miaka mitano, nne baada ya kumi. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na mitano kwao, akawa fundi mkuu au muuguzi kiongozi, anavuka mpaka na kuanza sifuri. Mwajiri mpya anaweza kuuthamini uzoefu wake kwenye mshahara. Kwenye likizo sheria inamhesabu sawa na kijana aliyetoka chuo juzi.

Hapa kuna nafasi ambayo wengi hawaitumii. Likizo ya kisheria ni kiwango cha chini. Hakuna kinachomzuia mwajiri kuongeza. Kabla ya kutia sahihi, mwajiri anayekuhitaji mara nyingi yuko tayari kukupa wiki moja zaidi kuliko kukuongezea mshahara, kwa sababu mshahara wako ukipanda unavuruga ngazi za wenzako wote, ilhali wiki ya likizo inabaki kati yako na yeye. Mhamiaji akikaa mezani hubishania mshahara peke yake. Angeomba aandikiwe likizo ya mtu mwenye miaka mitano ya utumishi, angeshangaa jinsi ombi hilo linavyokubaliwa.

La pili ni likizo iliyoyeyushwa ndani ya mshahara, na hili linawaumiza zaidi wanaoanza na kazi za zamu, vibarua na wakala wa ajira. Nchini Australia mfanyakazi wa muda asiye na saa za uhakika hulipwa nyongeza ya asilimia 25 juu ya kiwango cha saa, na kwa nyongeza hiyo hana likizo ya mwaka yenye malipo wala ya ugonjwa. Kanada, malipo ya likizo huanzia asilimia 4 ya mapato, na katika baadhi ya kazi huingizwa kwenye kila malipo badala ya kusubiri likizo yenyewe. Uingereza, kwa miaka ya likizo iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024 na kuendelea, imeruhusu wenye saa zisizotabirika kulipwa asilimia 12.07 ya ziada kila wanapolipwa. Mgeni anaiona fedha hiyo kwenye hati ya mshahara, anadhani kazi inalipa vizuri, anaituma nyumbani au analipia kodi ya nyumba. Inapofika miezi minane amechoka, anaomba wiki mbili, anaambiwa aende tu, lakini hakuna malipo. Hajadhulumiwa kisheria. Amekwisha kulipwa kidogo kidogo bila kujua, na aliyepaswa kumweleza siku ya kwanza alinyamaza. Naiona njia hii ya malipo kuwa mbaya hata pale inaporuhusiwa, kwa sababu inamfanya mtu mwenye kipato kidogo achague kila wiki kati ya kula leo na kupumzika kesho, na wote tunajua atachagua nini.

Marekani ina namna yake. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimu mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, iwe ya mwaka au ya ugonjwa. Ipo sheria ya mwaka 1993 inayotoa hadi wiki 12 bila malipo kwa uzazi, kwa ugonjwa mzito wa mfanyakazi au kumuuguza mzazi, mtoto au mwenzi. Ila haimgusi aliyeajiriwa na kampuni yenye watu chini ya 50, wala ambaye hajatimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi. Mhamiaji aliyefika mwezi wa tatu yuko nje kabisa ya kinga hiyo. Majimbo kadhaa yamejaza mapengo, hasa kwa siku za ugonjwa. California inakwenda mbali zaidi: siku za likizo ulizokwisha kujilimbikizia ni mshahara wako, haziwezi kufutwa mwaka ukiisha, na ukiacha kazi lazima ulipwe. Kwa hiyo anayehamia Marekani asiulize sheria ya Marekani inasemaje. Aulize jimbo lake, kisha kitabu cha kanuni za kampuni yake, ambacho kwa mambo haya ndicho chenye nguvu kuliko vyote.

Ugonjwa unastahili aya yake, kwa kuwa ndipo mazoea ya kwao yanapomponza mtu haraka zaidi. Ujerumani, baada ya wiki nne za kwanza za ajira, mwajiri hulipa mshahara kamili hadi wiki sita kwa ugonjwa mmoja, na siku hizo hazigusi likizo ya mwaka hata kidogo. Ukiugua ukiwa likizoni na ukawa na cheti cha daktari, siku ulizolala kitandani unarudishiwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha msimamo wa namna hiyo mwaka 2009 katika shauri lililotoka Hispania. Mgeni asiyelijua hili huugua siku saba kati ya kumi na nne za likizo yake, akarudi kazini amekonda, na asidai kitu. Japani ni kinyume: hakuna likizo ya ugonjwa ya kisheria, watu hutumia siku za likizo ya mwaka wakipata homa, na bima ya afya ya waajiriwa huanza kulipa theluthi mbili ya kipato kuanzia siku ya nne. Aliyetoka mfumo mmoja akaingia mwingine akiwa na mazoea ya zamani atakosea pande zote mbili: huku ataonekana anatumia vibaya, kule atajinyima kilicho chake.

Hadi hapa ni mambo ya kujua, na mtu makini atayajua ndani ya mwaka mmoja. Yanayofuata hayatatuliwi kwa kusoma.

Kibali cha kuishi kinapofungwa kwa mwajiri mmoja, kila haki iliyo kwenye mkataba inapungua nguvu. Nchini Marekani mwenye viza ya H-1B, ile ya wataalamu wanaodhaminiwa na mwajiri, akiachishwa kazi ana hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili aina ya kibali au kuondoka nchini. Mtu mwenye nyumba ya kupanga, watoto darasani na siku 60 mbele yake hawezi kumwambia bosi wake kwamba wiki mbili za Desemba ni haki yake. Anauliza kwa upole, akikataliwa anarudi mezani. Australia ilikuwa na siku 60 vilevile kwa wafanyakazi wanaodhaminiwa na waajiri, lakini kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikaziongeza kuwa hadi 180 kwa mkupuo, jumla zisizidi 365 katika muda wote wa viza. Wengi waliyaona mabadiliko hayo kuwa ya uhamiaji. Mimi nayaona pia kuwa ya likizo. Mtu mwenye miezi sita ya kutafuta kazi nyingine anaweza kusema hapana kwa zamu ya nne mfululizo, na anaweza kuidai likizo yake kwa maandishi.

Katika nchi za Ghuba, mfumo wa udhamini uliosambaa kwa jina la kafala ulilifikisha jambo hili mahali pa kutisha: mfanyakazi angeweza kuwa na likizo kamili kwenye mkataba, tiketi mkononi, lakini asiweze kutoka nchini bila idhini ya mwajiri. Qatar iliondoa sharti hilo kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, ikalipanua Januari 2020 kuwafikia wafanyakazi wa nyumbani, na Septemba mwaka huohuo ikaondoa hitaji la kibali cha mwajiri wa zamani kwa anayetaka kuhamia kwingine. Saudi Arabia ilianza mageuzi yake Machi 2021, ikiwaruhusu wafanyakazi wa sekta binafsi kujiombea viza ya kutoka na kurudi, ila wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Nayataja kwa tarehe kwa sababu yanaonyesha kwamba hali hizi ziliwekwa na sheria na huondolewa na sheria. Hazikuletwa na hali ya hewa ya jangwani wala tabia za watu. Na yanaonyesha pia nani huwa wa mwisho kukumbukwa: mwanamke anayelala nyumbani kwa mwajiri wake, ambaye mapumziko yake hayana mlango wa kutokea.

Kuna mtego mwingine usiotajwa sana. Uingereza, mfanyakazi mwenye viza ya udhamini akichukua likizo bila malipo kwa zaidi ya wiki nne katika mwaka mmoja, mwajiri kwa kawaida hulazimika kusitisha udhamini, isipokuwa kwa sababu maalumu kama uzazi na ugonjwa. Anayetafuta ukaazi wa kudumu huko hatakiwi kuwa nje kwa zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Kanada inamtaka mkaazi wa kudumu awe amekaa nchini angalau siku 730 katika kila miaka mitano. Mwenyeji akiomba likizo ndefu anahesabu fedha tu. Mhamiaji anahesabu fedha, siku za mwajiri na siku za idara ya uhamiaji, na hesabu hizo tatu hufanywa na ofisi zisizoongea. Ofisa utumishi anaweza kukuidhinishia kwa nia njema kabisa likizo itakayokuvurugia ombi la ukaazi miaka miwili baadaye. Ndiyo maana kila anayehama anapaswa kuwa na daftari lake la tarehe za kutoka na kuingia, na kabla ya kukubali wiki yoyote isiyo na malipo aulize kwa maandishi kama udhamini utaguswa.

Sasa tufike kwenye umbali, maana hapo ndipo sheria za likizo karibu zote zinapoonyesha zilimfikiria nani zilipoandikwa. Zilimfikiria mtu ambaye wazazi wake wako mwendo wa basi. Kwake wiki mbili za likizo ni wiki mbili za kupumzika. Kwa aliyehama, siku mbili hadi nne huishia njiani, mwili unahitaji siku nyingine kuzoea saa, halafu zinazobaki si za kupumzika. Kuna mzazi wa kupeleka hospitali, kiwanja chenye mgogoro, ndoa ya mdogo iliyosubiri uje, watu wa kutembelea wasije wakasema umebadilika. Mtu anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka, na kwenye kumbukumbu za kampuni amekwisha kupumzika kwa mwaka huo. Waajiri wanaolalamika kwamba wafanyakazi wao wa kigeni wanaishiwa nguvu ifikapo robo ya mwisho ya mwaka wangetazama tu siku hizo zilitumikaje.

Msiba unaanika pengo hili kuliko kitu kingine chochote. Sheria ya Australia inatoa siku mbili za rambirambi kwa kila tukio la kifo cha ndugu wa karibu. Ufaransa, kwa kifo cha mzazi, ni siku tatu kwa uchache. Falme za Kiarabu zinatoa siku tano kwa kifo cha mwenzi na tatu kwa mzazi. Sheria ya shirikisho ya Marekani haitoi hata moja kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Siku tatu zinamtosha mtu anayezika mji wa jirani. Kwa anayevuka bahari, siku tatu ni kupata tiketi, kusubiri ndege ya kuunganisha na kufika mazishi yameisha. Anachofanya ni kuchota likizo ya mwaka. Ikiwa imeisha, anaomba bila malipo, na hapo anaingia kwenye ile hesabu ya wiki nne niliyoitaja. Kifo cha baba kinaweza kwa njia hiyo kugeuka kuwa suala la viza. Wapo watu waliobaki kazini wakitazama maziko kwenye simu, wala hapakuwa na bosi katili, hesabu zilikataa. Hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa, na linarekebishika.

Tena mfano wa kurekebisha upo tayari. Sheria ya Ufaransa inazuia mtu kuchukua zaidi ya siku 24 za likizo kwa mkupuo mmoja, ikihesabu Jumamosi. Lakini inaruhusu kikomo hicho kilegezwe kwa mfanyakazi mwenye vikwazo maalumu vya kijiografia, yaani yule ambaye kwao ni mbali. Anaweza kukubaliana na mwajiri wake aunganishe wiki zote tano, asafiri mara moja, akae vya kutosha. Ni sentensi moja tu kwenye sheria, haimwongezei mtu siku hata moja, lakini inakiri kwamba wafanyakazi hawaishi wote karibu na kwao. Nchi zinazoajiri wahamiaji kwa maelfu zingeweza kuiga sentensi hiyo na kuongeza nyingine mbili: likizo iliyobaki iruhusiwe kuvuka mwaka kwa mwenye familia nje ya nchi, na likizo bila malipo ya msiba isihesabiwe kwenye kikomo cha udhamini. Mwajiri hatagharimika kwa yoyote kati ya hayo. Hata kampuni moja, bila kusubiri bunge, inaweza kuyaandika kesho kwenye kanuni zake, angalau yale mawili yasiyohusu uhamiaji.

Nina neno pia kwa waliotangulia. Mgeni akifika, ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake wa muda mrefu huwa ni kwamba mwaka wa kwanza asiguse likizo, ajionyeshe mchapakazi, akubali zamu za sikukuu. Ushauri huo hutolewa kwa upendo na mara nyingi umetokana na maisha magumu yaliyowakuta walioutoa. Lakini unazaa madhara. Unamfundisha mwajiri kwamba wageni hawapumziki, na yule wa pili atakayeomba ataonekana mvivu. Zaidi ya hapo, siku nyingi haziwekeki. Japani siku zisizotumika hufutika baada ya miaka miwili. Katika Umoja wa Ulaya kiwango cha chini cha wiki nne hakiruhusiwi kubadilishwa kuwa fedha mkataba ukiwa bado unaendelea. Fedha hulipwa tu mtu anapoondoka kazini. Aliyejinyima mwaka mzima akidhani anaweka akiba anaweza kukuta hakuna alichoweka. Na yule anayeondoka nchini moja kwa moja, kwa haraka ya kufunga mizigo, husahau kudai malipo ya siku zilizobaki, wakati huo ndio wakati pekee yanapodaiwa.

Mataifa yenyewe yamekwisha kuona kwamba kumwachia mfanyakazi mzigo wa kudai hakufanyi kazi. Novemba 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mfanyakazi hapotezi likizo yake kwa sababu tu hakuiomba. Mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba alimpa nafasi halisi ya kuichukua na alimwarifu kwamba itapotea. Kuanzia Aprili 2019 Japani inamlazimu mwajiri kuhakikisha kila mwenye siku 10 au zaidi anachukua angalau 5 kwa mwaka. Hukumu na sheria hizo ziliwafikiria hata wenyeji, watu wasio na hofu ya viza. Kama Mjapani nchini kwake alihitaji sheria imsukume bosi wake, basi mgeni mwenye siku 60 shingoni hawezi kuachiwa ujasiri wake peke yake. Anayekaguliwa awe mwajiri: mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje aonyeshe kila mwaka siku walizostahili na siku walizochukua, na pengo likiwa kubwa aulizwe.

Nchi zinazotuma wafanyakazi nazo zina wajibu ambao haziutimizi vya kutosha. Makubaliano ya kazi kati ya nchi na nchi huzungumzia zaidi ada za wakala, mshahara wa chini na urejeshwaji wa mfanyakazi pakitokea shida. Likizo hutajwa kwa mstari mmoja, bila kusema inahesabiwaje, nani analipa tiketi, na hati ya kusafiria inakaa kwa nani mfanyakazi anapotaka kwenda. Lugha ya kuweka humo haihitaji kutungwa upya. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria na utambulisho, na kwamba anayeishi nyumbani kwa mwajiri halazimiki kubaki humo wakati wa mapumziko ya siku, ya wiki au ya likizo ya mwaka. Nchi inaweza kukataa kuridhia mkataba huo na bado ikayaweka maneno hayo kwenye mkataba wa ajira ambao mfanyakazi anatia sahihi kabla ya kupanda ndege, kwa lugha anayoisoma, nakala moja ikibaki kwake na nyingine ubalozini.